Herufi ya L Lazima Itoke Nyumbani

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama nje ya geti la mama mkwe wangu hapa Khon Kaen, na yeye yuko ndani ameshika ndoo ya maji aliyooshea samaki. Wengi wenu mliniombea. Asanteni, maombi hayakufika. Alinimwagia.

Kwa aliyekosa huko nyuma nitasema kwa kifupi, maana aibu haina haja ya kurembwa. Jina langu la nyumbani ni Kop, yaani chura. Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kuwapangia watu likizo: mahekalu siku mbili, chakula siku mbili, bahari siku tatu, piga picha, rudi ukawadanganye majirani kwamba umepumzika.

Baba mkwe alipofariki, nyumba haikuwa na mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu mimi ndiye niliyetakiwa kunyolewa kichwa na kuvaa joho la utawa siku moja, nimsindikize mzee kwenye moto wa kuchomea maiti. Nilikuwa kisiwani Libong nikiwatembeza wauza dawa ya meno arobaini. Nilisema nitawahi. Sikuwahi. Mke wangu Fon akahamia kwa mama yake, na mimi nikahamia chumba cha juu ya duka la matairi.

Sasa turudi kwenye ndoo.

"Hayo ni ya samaki wa jana," Mama Lamduan alisema. "Ya leo nimeyatunza, ukirudi tena."

Nilikunja viganja kifuani nikainamisha kichwa, maji yakinichuruzika puani. "Shikamoo, Mama."

Akanitazama juu hadi chini. Kisha akafungua geti.

"Ingia. Usikalie kiti cha marehemu."

Hapo nikajua dawa imeingia. Na dawa yenyewe nikiri sasa hivi, kabla hamjaisikia kwa wengine: nilimtuma mpiga ramli.

Anaitwa Mwalimu Sawaeng. Zamani aliuza tiketi za bahati nasibu, mpaka alipogundua kwamba wanaokosa huhitaji mtu wa kuwaeleza kwa nini wamekosa. Hawezi kutabiri hata simu yake itazimika lini. Lakini Mama Lamduan haanui nguo kambani bila kumuuliza. Nilimpelekea kuku wawili wa kuchoma na chupa ya pombe, nikampa maneno ya kusema: mama asafiri kaskazini, kisha kusini, kisha avuke maji. Nani katika mji huu ajuaye kupanga safari ya namna hiyo? Chura peke yake.

"Mwalimu ameona nyota yangu," Mama alianza, tukiwa tumeketi sakafuni. "Nisafiri kaskazini, kusini, halafu nivuke maji. La sivyo nitaugua mguu."

"Mguu upi, Mama?"

"Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana, Mama."

"Basi toa karatasi."

Nikatoa. Jikoni nilisikia mchi ukitwanga papai bichi, na mkono ule wa kutwanga naujua kama kikohozi changu. Fon alikuwepo. Hakutoka kunisalimia.

"Siku mbili kaskazini, Chiang Mai, kwa mahekalu," nikasema. "Siku mbili kusini, Trang, kwa chakula. Siku tatu Libong kwa bahari."

"Mahekalu mangapi?"

"Manane, Mama. Nimechagua yaliyo jirani, mguu usichoke."

"Tisa."

"La tisa liko juu ya mlima, lina ngazi zaidi ya mia tatu."

"Tisa ni kupiga hatua mbele. Nane ni nini? Nane ni uvivu wako."

Kwetu maneno hayo mawili, tisa na hatua, yanatamkwa karibu sawasawa, na kwa ajili ya mfanano huo nimeshuhudia vikongwe wakibebwa mgongoni hadi hekalu la tisa huku wamekwisha kuzirai kwenye la sita. Nikaandika tisa.

"Trang utafurahi, Mama. Asubuhi wanakula nguruwe wa kuchoma, ngozi inavunjika kama biskuti."

"Na wali wa kunata?"

"Kule kusini si chakula chao sana."

"Nitabeba wangu. Na chupa ya pla ra."

"Mama, samaki waliochacha hawapandi ndege. Chupa ikipasuka mle ndani, abiria wote..."

"Mimi nimewahi kupasua kitu? Aliyepasua kitu katika nyumba hii ni nani?"

Mchi ukasimama. Nikatazama karatasi. Mchi ukaanza tena.

"Na hiyo bahari," Mama akaendelea, "nataka isiwe na jua."

"Bahari isiyo na jua?"

"Wewe si ndiye mtaalamu? Panga."

Nikaandika: bahari, kivuli. Nawajua watu wa namna hii, wamenilisha miaka kumi na moja. Mtu anasafiri kutwa nzima kwenda ufukweni, kisha anakaa mkekani na kofia, soksi na mikono mirefu, ameipa bahari mgongo, anakula kaa na kulalamika kwamba kaa wa kwao ni wakubwa zaidi. Jioni ananiambia likizo ilikuwa nzuri. Nilikuwa nikiwachekea usoni na kuwadharau moyoni, na mkitaka kujua, dharau hiyo ndiyo iliyonifikisha juu ya matairi.

"Sasa sikiliza, Chura," Mama alisema, na sauti yake ikabadilika. "Safari hii ikienda salama, kuanzia kupanda ndege hadi kurudi, bila kosa hata la kijiko, utarudi kulala humu ndani na mkeo. Mimi nitanyamaza. Kosa moja tu, nisikuone tena."

Miezi saba nilikuwa nangoja sentensi hiyo.

"Na Fon anasemaje?"

"Muulize mwenyewe. Ana mdomo."

Sikuhitaji kuuliza. Aliongea kutoka jikoni, bila kuonekana.

"Kaka Kop. Jina langu umeandikaje?"

Kwetu mke humwita mumewe kaka, na kwa miezi saba sikuwa nimeitwa hivyo na yeyote. Nikajibu kwa mbwembwe za kazini.

"Saifon Saenkla, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Herufi kwa herufi."

Mchi haukuendelea.

Saenkla ni jina la ukoo wangu. Maana yake ni jasiri mara laki moja. Mama Lamduan hajawahi kulitamka bila kukunja pua.

Nilinakili vitambulisho vyote viwili palepale. Katika hilo sina mpinzani. Watu wetu wanaitana majina ya nyumbani tangu utotoni, Chura, Mvua, Mdogo, Nguruwe, na wengi hawajui jina la kweli la rafiki waliyekula naye miaka thelathini. Wale wauza dawa ya meno waliniletea orodha ya abiria ambamo wanne waliitwa Mdogo na hakuna mwenye jina la ukoo. Walinicheka nilipowarudisha. Mimi husoma jina mara tatu. Sijawahi kumwacha abiria uwanjani kwa herufi moja, na nilikuwa nikilisema hilo kwa kiburi popote penye wasikilizaji.

Siku tatu baadaye nilikwenda kumshukuru Mwalimu Sawaeng. Nilimkuta amevaa nguo nyeupe za uganga, anasafisha masikio kwa kijiti.

"Umefanya kazi safi, Mwalimu."

"Nimeongezea kidogo," alisema.

"Umeongezea nini?"

"Mambo ya herufi. Kaskazini, kusini, maji, hiyo ilikuwa supu haina chumvi. Mteja wangu wa miaka ishirini yule, angenishtukia."

"Herufi gani?"

"Wee Kop, mimi nakuuliza ndege zako zinarukaje? Kuku wako nimekwisha kula, nenda."

Nilicheka. Niliondoka nikimdharau yeye, nikimdharau Mama, na nikijipenda sana.

Wiki iliyofuata Mama alinifuata dukani. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi la trekta, nazungumza na simu mbili kwa pamoja, moja ya mwenye nyumba ya wageni Libong, nyingine ya mwenye gari Chiang Mai. Alinirushia bahasha mapajani.

"Saini. Hapa, hapa na hapa."

"Hizi si za bima ya safari? Nimezituma mwenyewe juzi."

"Zimo na za bima. Fon kasema usome kabla ya kusaini."

"Fon kasema hivyo?" Nilicheka kwa sauti, hata fundi wa matairi akageuka. "Mama, mwambie Fon mimi nimesoma karatasi za namna hii kabla hajajua kusoma. Mwambie asinifundishe kazi yangu."

"Nimwambie hivyo?"

"Mwambie hivyohivyo."

Nikasaini mara tatu juu ya goti, simu imebanwa begani, nikimwambia yule mtu wa Libong kwamba mama yangu anataka kivuli, kivuli cha kweli, si mwavuli. Mama alichukua bahasha yake. Alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda.

Siku ya safari nilifika uwanja wa ndege kabla ya wafanyakazi wa kaunta. Nilikuwa nimekopa shati la fundi. Mfukoni nilikuwa na ratiba iliyopigwa chapa, kurasa tano, kila mlo na kila choo. Kwenye ndege nilimpa Mama kiti cha dirishani, Fon katikati, mimi pembeni. Saa nzima bega kwa bega na mke wangu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya nitakachosema.

Walikuja. Mama alivaa blauzi ya hariri ya kijani, kofia ya ukili, na kikapu chake cha wali wa kunata kikining'inia begani. Fon alikuwa amepaka poda na kufunga nywele. Alinikunjia viganja akainamisha kichwa kama kwa mgeni. Nikajiambia ni haya.

"Pla ra haimo?" nilimuuliza Mama.

"Haimo."

"Kweli?"

"Nikague basi, polisi."

Tukafika kaunta. Binti wa kaunta alitabasamu vile wanavyofundishwa. Nikaweka begi langu kwenye mizani, nikampa kitambulisho changu, nikapita. Mama akatoa chake.

Tabasamu la binti likasita. Alitazama kadi, akatazama kompyuta, akatazama kadi.

"Samahani, Mama. Tiketi ni ya Lamduan Thongmak. Kitambulisho hiki ni cha Natthanicha Thongmak."

"Ndiye mimi," Mama alisema.

"Na Lamduan?"

"Lamduan alikufa Jumanne. Wilayani, dirisha namba nne."

Natthanicha! Ingia darasa lolote la chekechea mjini kwetu uite jina hilo, wataitika watatu. Mama mkwe ana miaka sitini na saba na meno ya bandia.

"Mama umebadili jina? Wiki ya safari? Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe kama nani? Mwalimu Sawaeng kasema mimi nimezaliwa Ijumaa, na kwa mtoto wa Ijumaa L ni herufi ya nuksi. Miaka sitini na saba nimetembea na nuksi mbele ya jina langu! Ndiyo maana mume wangu kafa. Ndiyo maana mguu unanitishia. Ndiyo maana nikapata mkwe kama wewe."

"Mama..."

"Kasema lazima itoke. Itoke kwangu na itoke nyumbani, kabla sijavuka maji."

Hiyo ndiyo chumvi ya Mwalimu Sawaeng. Nilitamani nimkamate nimlishe mifupa ya wale kuku wote wawili. Nyuma yetu foleni ilianza kuguna. Mtu mmoja mwenye kofia ya gofu alisema kwa sauti kwamba wengine wana ndege ya kuwahi.

Na mimi, badala ya kufikiri, nikafanya nilichozoea. Nikajitetea.

"Dada, tiketi niliandika sawasawa," nilimwambia binti wa kaunta, nikigonga kaunta kwa kidole. "Herufi kwa herufi kama kitambulisho kilivyokuwa. Kosa si langu. Mama, umesikia? Fon, wewe ni shahidi. Kosa si langu!"

"Hakuna aliyesema ni lako, kaka," binti alisema kwa upole. "Mama, una cheti cha kubadili jina? Kikiwepo, tunarekebisha hapahapa."

Mama Lamduan, samahani, Mama Natthanicha, akafungua mkoba na kutoa bahasha ya plastiki kwa maringo ya mwanafunzi aliyeshika namba moja. Nilivuta pumzi. Cheti kipo, kosa si langu, ndege haijaondoka. Niliona kabisa kitanda changu, chandarua changu, na Fon akinigeuzia mgongo wa kununa, si mgongo wa kuondoka.

"Naona viko viwili," binti alisema.

"Viwili," Mama alisema. Sauti yake ilishuka.

"Hiki cha Mama. Na hiki..." akainua macho kwa Fon. "Hiki ni chako, dada? Saifon Saenkla kuwa Saifon Thongmak. Kubadili jina la ukoo, kurudi la kwenu."

"Ni changu," Fon alisema.

"Na hii iliyobanwa nyuma ni ridhaa ya mume. Imekamilika. Nitawarekebishia wote wawili kwa pamoja."

Aliigeuza ile karatasi kuikagua, na nikaiona sahihi yangu. Ile ya mkia mrefu, niliyoipigia mazoezi tangu sekondari. Imepinda kidogo, kama kilivyopinda kila kitu nilichosaini juu ya goti langu siku ile.

Saenkla. Kuna L ndani yake. Ilikuwa ndiyo L ya mwisho iliyobaki katika nyumba ile, na aliyeileta humo ni mimi.

"Fon," nikasema. "Hii sikuiona. Nilidhani ni bima. Naapa."

"Najua hukuiona."

"Basi si halali! Mimi sikukubali kitu. Mama amenichanganyia karatasi..."

"Mama alikuambia usome," Fon alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia akuambie."

Mama alikuwa akitazama kikapu chake cha wali. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa na nafasi ya kunitukana na hakuitumia.

"Mama alitaka niende wilayani siku ileile Mwalimu aliposema," Fon aliendelea. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Nikamwambia, mume wangu apelekewe karatasi kwanza. Akikataa kusaini, akija hapa, hata akija kugombana, hata akipiga teke geti, karatasi nitaichana na L itabaki. Nikakaa mlangoni kusubiri. Nilisikia pikipiki mbili zikipita nikasimama mara mbili."

Nikaitazama tena ile sahihi.

"Mama akarudi baada ya nusu saa. Nikamuuliza, kasemaje? Akanijibu neno moja tu."

"Neno gani?"

"Amecheka."

Yule mwenye kofia ya gofu hakuguna tena. Nadhani foleni nzima ilikuwa imesikia. Nilikumbuka kile kicheko, jinsi kilivyonitoka kwa raha, na fundi wa matairi alivyogeuka kunitazama. Nimewacheka watu wengi maishani kwa kutokusoma majina. Nilijichukia palepale, mbele ya mizani ya mabegi, na nilichukia hata shati la watu nililovaa.

"Kop," Fon akasema.

Halikuwepo lile neno kaka. Lilikuwa limeondoka lenyewe, bila kupitia dirisha lolote la wilaya.

Binti wa kaunta alimaliza kuandika. Mashine ikatema vipande vitatu vya karatasi. Akavipanga mbele yake, viwili vya Thongmak, kimoja cha Saenkla, kisha akatazama nyuso zetu moja baada ya nyingine, na tabasamu likamrudia kwa shida.

"Viti bado vimefuatana kama mlivyopanga," alisema. "Niviache hivyo? Nyinyi watatu mko pamoja?"

Mama akamgeukia Fon. Mimi nikamgeukia Fon. Begi langu lilikuwa bado juu ya mizani. Fon alilitazama muda mrefu, akashika mkanda wa begi lile, akafungua mdomo. Alichosema nitawaambia wiki ijayo.